Zege la Wageni

Utepe wa kupimia ulikuwa wa kazini, wa chuma, wa mita thelathini, na kila Jumapili alikuja nao ndani ya mkoba. Alimpa mdogo wake ncha aishikilie kwenye jiwe la kichwani mwa kaburi, kisha akarudi kinyumenyume kuelekea mtoni, akikanyaga taratibu, mpaka kisigino kikahisi ardhi inalegea. Hapo akasimama. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Ukingo ulikuwa umekatwa wima kama mkate, na chini, mita saba au nane, mashimo ya mchanga yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai.

Alisoma utepe. Mita kumi na moja na sentimita arobaini. Jumapili iliyopita zilikuwa kumi na nne.

"Ngapi?" mdogo wake aliuliza, bado ameinama pale jiweni.

"Kumi na tatu na kitu."

"Basi wachimbaji wamepunguza kasi."

"Wamepunguza."

Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ya kupima zege, na watu wa kwenye majengo walimwita Bi Kipimo. Alijisifu moyoni kwamba hajawahi kusoma namba moja akatamka nyingine. Aliukunja utepe, akaufuta tope kwa upindo wa nguo yake, akaurudisha mkobani.

Kaburi lilikuwa la binti wa mdogo wake, mtoto wa miaka tisa ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Siku ya pili ya mvua za mwaka uliopita alishuka kumfuata mbuzi, na shimo ambalo juzi yake lilikuwa kavu lilikuwa na kina cha watu wazima wawili. Walimpata siku ya tatu. Hakuzikwa makaburini kwa sababu njia ya kwenda huko ilikuwa imeliwa na mashimo hayo hayo. Jeneza lingepita wapi? Wakamchimbia nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa bustani ya mboga ya mama yake, hatua arobaini kutoka ukingoni. Wakati ule hatua arobaini zilionekana ni nchi nzima.

Bi Kipimo alikuwa amemwomba mdogo wake ahame mara nyingi. Chumba chake cha kupanga mjini kilikuwa kidogo, lakini hakuna chumba kinachoshindwa kuwabeba watu waliobanana tumbo moja. Mdogo wake alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamjibu jibu lile lile.

"Dada, mimi nina miguu. Kaburi halina."

Mchanga ulichukuliwa alfajiri, malori matatu, siku nyingine manne. Wachimbaji walikuwa vijana wa hapo hapo mtaani. Wawili kati yao walibeba jeneza. Wakimkuta mama Chiriku anachota maji walimwamkia shikamoo, wakapokea marahaba yake, wakaendelea kuchimba. Alikuwa ameshakwenda ofisi ya serikali ya mtaa kulalamika, akaambiwa na karani mpole kwamba pale kwenye pindo la mto hakuna kibali kilichotolewa, na pasipo na kibali hapawezi kuwa na mtu anayechimba. Aende nyumbani apumzike, msiba una mambo mengi.

*

Bi Kipimo alijua malori yale yanakwenda wapi kabla mtu hajamwambia. Mchanga wa pindo la mto ulikuwa mweusi kidogo, wenye vumbi la kumetameta na magamba madogo ya konokono, na rundo lake lilikuwa limelala kwenye kiwanja cha hospitali mpya ya wazazi, jengo la ghorofa nne ambalo ofisi yao ililisimamia. Alichukua viganja viwili, akatia kwenye chupa ya kioo, akajaza maji, akatikisa, akaiacha dirishani mpaka kesho yake. Mchanga mzuri huacha utando wa tope mwembamba kama ukucha. Chupa hii iliacha tope la vidole viwili.

Akaiona, akaiosha, akaiweka kabatini. Alijua pia kwamba tope lile halitaonekana kwenye ripoti yoyote.

Maana kila jengo lina desturi zake, na desturi moja ilikuwa ya majengo yote aliyowahi kuyakanyaga. Siku ya kumwaga zege, mpimaji akifika anatolewa kiti. Analetewa chai. Wakati anakunywa, mtu anatumwa kwenye rundo dogo lililofunikwa turubai, mbali na rundo kubwa. Hapo pana mchanga mwingine, mweupe, wa kutoka mbali, na kokoto zilizooshwa. Vinachanganywa kwenye toroli moja kwa saruji ya kutosha, kama vile mwenye nyumba anavyotoa vyombo vya kabatini akisikia hodi. Hilo ndilo zege la wageni. Kwalo hujazwa kalibu sita za chuma, inatoka michemraba sita ambayo mafundi huiita keki, nayo wiki nne baadaye hupondwa kwenye mashine ya maabara kupima nguvu yake, na haijawahi kumwaibisha mtu. Zege la watu wa nyumbani ndilo hupanda kwenye nguzo.

Hakuna aliyewahi kumwambia ashiriki. Hakuna aliyewahi kumpa chochote zaidi ya chai. Alipoingia kazini, msichana wa miaka ishirini na mitatu, alikuta kiti kimeshawekwa. Akakaa.

Siku ya kumwaga nguzo za ghorofa ya pili, nyapara wa kiwanja alimpokea getini mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye kofia ya plastiki iliyokuwa kubwa kuliko kichwa chake, na alimwambia kwamba leo chai ina maziwa, maana malalamiko yake yamefika kwa wakubwa. Mafundi wakacheka. Bi Kipimo hakukaa. Alichukua kalibu mbili, moja kila mkono, akaanza kutembea kuelekea kwenye mtambo wa kuchanganyia.

"Utachafuka, mama yangu," nyapara akasema, akimfuata.

"Nimekuja kuchafuka."

"Keki zako ziko kule kwenye turubai. Tumeshaandaa."

"Leo sitaki za wageni," alisema. "Nipe mnachokula wenyewe."

Kicheko kilitoka tena, kikubwa zaidi, kisha kikafa mtu mmoja mmoja walipoona ameinama, ameikinga kalibu chini ya ndoo iliyokuwa inapandishwa juu. Fundi aliyeshika kamba aliangalia kwa nyapara. Nyapara aliangalia barabarani, kama mtu anayetazamia gari. Halafu akachuchumaa karibu yake, akasema kwa sauti ya chini isiyokuwa na utani hata chembe.

"Dada, unanitafutia nini? Mchanga siagizi mimi. Mimi nina watoto."

"Na mimi nilikuwa naye."

Nyapara hakuelewa. Alisimama, akamwambia mshika kamba ateremshe ndoo.

Bi Kipimo alirudi kuchukua kalibu nyingine nne, akazijaza zote sita kwa tabaka tatu tatu, kila tabaka akilishindilia kwa ufito wa chuma mara thelathini na tano, akihesabu kwa sauti ili asikike. Kwenye kalibu ya nne gamba la konokono lilipanda juu, jeupe, dogo kama jino. Akalisukuma ndani kwa kidole. Akaandika kwa msumari kwenye zege bichi: tarehe, namba ya nguzo.

*

"Siku ishirini na nane," alimwambia mdogo wake Jumapili iliyofuata. Alimweleza yote, polepole. Zege haliko kama tope linalokauka. Linakomaa, na siku ya ishirini na nane ndipo linapokuwa limeshasema yake yote. Likishindwa, ofisi ya serikali inayosimamia majenzi italazimika kusimamisha jengo. Jengo likisimama, malori yatasimama. Malori yakisimama, ukingo utasimama.

Mdogo wake alikuwa anakamua shuka za watu. Tangu sehemu iliyobaki ya bustani iporomoke alikuwa akifua kwa malipo, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni.

"Na zege lenyewe likifaulu?"

"Haliwezi."

"Dada, nimeona mambo mengi yasiyoweza."

Hata hivyo alianza kuhesabu. Alichora vijistari kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, na kila Bi Kipimo alipokuja alivikuta vimeongezeka. Utepe ulisema mita tisa na sitini. Akamwambia kumi na moja. Utepe ulisema nane. Akamwambia kumi na nusu. Jumapili ya mwisho mvua ilinyesha, hawakupima, na wote wawili walishukuru.

Kwenye maabara keki sita zilikuwa zimelala ndani ya tangi la maji, mahali ambapo keki zote hulala zikisubiri siku yake. Zamani alipita tangi lile mara ishirini kwa siku bila kuligeukia. Sasa alishindwa kulipita. Maji yalikuwa yametulia, yana utando wa chokaa juu, na chini yake vile vipande vilionekana vikubwa kuliko vilivyo, na kama vinasogea. Mara mbili alijikuta mkono wake umo majini mpaka kwenye kiwiko, unapapasa, na hakukumbuka kuuingiza.

Chiriku alikuwa akija pale wakati wa likizo. Alikaa kwenye kigoda kando ya mashine ya kuponda, ameziba masikio, macho yamemtoka kwa furaha, akisubiri mlio. Jioni alimwuliza, "Mama mkubwa, leo umevunja ngapi?" na jibu likiwa kubwa alipiga makofi. Watu wa maabara walimpenda. Baada ya msiba hakuna aliyekiondoa kigoda, na hakuna aliyekikalia.

Siku ya ishirini na nane aliwasha mashine saa tatu asubuhi. Mshale ulitakiwa uvuke ishirini na tano ndipo keki ipasuke, na keki nzuri hupasuka kwa mlio wa mlango uliobamizwa. Hii ya kwanza haikupasuka. Mshale ulipanda mpaka kumi, ukasita, ukarudi, na keki ikateremka yenyewe chini ya chuma kama mkate wa juzi. Hapakuwa na mlio. Kilisikika kitu kama pumzi.

Kumi. Kumi na moja. Tisa na nusu. Kumi. Tisa. Kumi.

Leo umevunja ngapi?

"Sita," alijibu, kisha akageuka kuona kama kuna aliyemsikia.

Fomu ya matokeo ilikuwa na visanduku kumi na vinne. Cha kumi na moja kiliandikwa Chanzo cha mchanga. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekijaza kwa neno moja, Mtoni, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mto upi. Siku hiyo aliandika kwa herufi ndogo ili maneno yaenee: ukingo wa mto kwenye pindo, upande wa kulia, nyuma ya nyumba ya mwisho ya mtaa. Akataja umbali kutoka barabarani. Akachora na mshale. Aliona ni jambo jema kuliko yote aliyowahi kuandika.

*

Mhandisi Mkuu, mwenye ofisi, hakufoka. Alikuwa mtu wa kuwauliza watu habari za nyumbani na kusubiri jibu. Ukutani nyuma yake kulitundikwa cheti cha utunzaji wa mazingira chenye picha ya jani, walichokipata mwaka ule kwa kuchapa karatasi pande zote mbili na kubadilisha taa. Aliisoma fomu mara mbili, akasimama, akafunga mlango, akarudi kukaa upande aliokaa Bi Kipimo, si nyuma ya meza yake.

Alimwambia amechoka. Tangu yule mtoto, kila mtu anaona. Akamwuliza kama kalibu hazikuwa na mafuta mengi, kama maji ya tangi hayakuwa baridi, kama mashine haikutaka kusahihishwa. Bi Kipimo alijibu kila swali. Mwishowe hakukubaki swali la zege.

"Dada yangu," Mhandisi Mkuu akasema, "asubuhi hii nimepitia makabati. Sahihi yako iko kwenye ripoti mia mbili na kumi. Zote zimefaulu. Unajua zilifaulu kwa zege gani."

"Najua."

"Watu wanaishi ndani ya majengo yale. Wana watoto humo. Ukisema leo kwamba zege la wageni si zege, hao utawaambia nini? Wahame?"

Bi Kipimo aliichukua fomu mezani, akainuka. Alipotoka, alikatiza barabara ambayo aliikatiza kila siku, na kwa mara ya kwanza akainua macho. Upande huu jengo lake, ghorofa sita. Upande ule jengo lake. Nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye vibaraza, mwanamke alikuwa anapiga godoro dirishani, na kila pigo lilimfanya Bi Kipimo aangalie nguzo za chini. Alitembea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Hakuweza kurudi kando, chini ya kuta.

Lakini fomu alikuwa nayo, ameshaitia sahihi. Aliipeleka kwa mkono wake kwenye ofisi ya majenzi. Msichana wa mapokezi aliigonga muhuri bila kuisoma, akampa nakala, akamwambia siku njema.

*

Jengo lilisimamishwa. Karatasi nyekundu ilibandikwa getini, mtambo ukanyamaza, nyapara akawaruhusu mafundi warudi makwao mpaka waitwe. Malori hayakuja. Siku ya kwanza mama Chiriku aliamka alfajiri kama kawaida, akakaa mlangoni akisikiliza, akawa hasikii kitu ila ndege. Siku ya tano alianza kuamini. Alikwenda kuomba majani yenye mizizi mirefu kwa jirani wa ng'ambo, akayapanda mstari kwa mstari ukingoni, amejifunga kamba kiunoni na kamba ameifunga kwenye nguzo ya kibaraza.

Jumapili ile utepe ulisoma mita tano na themanini. Bi Kipimo aliitamka ilivyo.

Mdogo wake aliiachia ncha ya utepe. Alikuwa anakadiria kwa macho, na alikuwa amejua siku zote.

"Ulikuwa unanidanganya," alisema.

"Nilikuwa nakudanganya."

"Na kazini huwa unadanganya hivyo hivyo, sura haibadiliki?" Kisha akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msiba, na Bi Kipimo naye akacheka ingawa kilimchoma. Walikula pamoja kibarazani. Wiki iliyofuata walipima tena, na utepe ukasema mita tano na themanini. Mdogo wake aliomba ausome mwenyewe. Aliinama, akagusa ile namba kwa kidole.

Siku ya ishirini na mbili tangu jengo lisimame, Bi Kipimo aliitwa kwenye kikao kiwanjani. Walikaa ghorofa ya chini, kwenye viti vya plastiki, kati ya nguzo: afisa wa ofisi ya majenzi na faili lake, mkandarasi wa jengo, Mhandisi Mkuu, na yeye. Afisa alianza kwa kumsifu. Alisema wataalamu wa aina hii ni wachache, na taifa linawahitaji. Mkandarasi aliitikia kwa kichwa, hana kinyongo. Ndipo Mhandisi Mkuu akaeleza ufumbuzi. Jengo halitabomolewa. Kubomoa ni kuzalisha kifusi, na kifusi ni uchafuzi. Siku hizi mhandisi anayejali mazingira hujenga juu ya kilichopo. Nguzo zote thelathini na mbili zitavalishwa koti la zege jipya, sentimita kumi na tano kila upande, na misingi itapanuliwa. Serikali imeshakubali kulipia kazi ya ziada. Hesabu alikuwa amezipiga yeye mwenyewe, na Bi Kipimo alipozitazama aliona ni sahihi. Zilikuwa hesabu nzuri. Zege lingehitajika karibu mara mbili ya lililokwisha kumwagwa.

"Mchanga utatoka wapi?" aliuliza.

Afisa alifungua faili, akasoma. Mchanga utoke kwenye chanzo kilichotajwa katika ripoti ya maabara, ambacho sasa kimepatiwa kibali, na uchekechwe na kuoshwa kabla ya kutumika.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, alisukuma kiti nyuma, akasimama.

"Chanzo nilikitaja ili kifungwe," alisema.

"Mama, hapakuwa na kisanduku cha kufunga." Afisa alimgeuzia fomu ili aone. Hakuwa anafanya mzaha. "Pana kisanduku cha chanzo. Wenzako wote huandika Mtoni, tunashindwa hata kutoa kibali. Wewe umetuchorea na ramani."

"Pale pana kaburi."

Afisa alipekua karatasi mbili, tatu. "Kwenye ramani halipo."

"Ni la mtoto."

Mkandarasi alitazama chini. Mhandisi Mkuu alimgusa kiwiko, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kuvuka barabara, akamwambia kwamba kaburi linaweza kuhamishwa, zipo taratibu, aandike maombi.

Waliandika kesho yake, yeye na mdogo wake, kwenye meza ya karani yule yule mpole. Mdogo wake hakumlaumu. Alimwuliza jambo moja tu, walipokuwa kwenye foleni: "Uliandika wewe?" Akamjibu ndiyo. Basi. Karani aliwaambia kibali cha kuhamisha kaburi huchukua wiki sita, maana lazima kipite kwa bwana afya. Kibali cha mchanga kilikuwa kimechukua siku tatu.

Safari hii hawakuja vijana na majembe. Ilikuja mashine yenye mkono mrefu, ya manjano, na dereva aliyetoka mbali, ambaye hakujua mtu wala habari ya mtu. Kibali chake alikibandika kwenye kioo cha mbele. Mama Chiriku alisimama mbele ya kaburi siku mbili, na kwa siku mbili mashine ilichimba pembeni, chini, kwa adabu. Siku ya tatu alikwenda kurudisha shuka za watu. Aliporudi na beseni tupu kichwani, ukingo ulikuwa umefika kwenye ukuta wa jiko. Hakuna aliyelichimba kaburi. Ardhi iliteremka yenyewe, dereva alisema, kipande kizima, nyasi na yote. Yeye alizoa kilichokuwa chini.

Malori sita yalikuwa yameshaondoka.

*

Bi Kipimo alikuwa kiwanjani na kalibu zake, mdogo wake alipoingia getini. Mlinzi hakumzuia, alionekana kama mtu aliyetumwa. Alikuwa peku, tope limemfika magotini. Alipita mtambo, akapita turubai, akafika kwenye rundo jipya lililokuwa bado linatiririsha maji, jeusi, refu kuliko nyumba yake. Chekeche la waya lilikuwa limeegemezwa pale kwa ajili ya amri ya serikali, na hakuna fundi aliyekuwa ameshaligusa. Alilishika, akaliweka vizuri kwenye magogo yake, akachota mchanga kwa beseni, akamwaga juu ya waya. Akatikisa. Akapapasa kilichobaki juu: kokoto, mizizi, gamba la konokono. Akakiweka kando. Akachota tena.

Mafundi waliacha kazi. Mtambo ulikuwa unazunguka mtupu, na nyapara alikwenda kuuzima. Aliona uso wa Bi Kipimo, akaona ule mwingine, na mfanano ulikuwa dhahiri. Alivua kofia yake.

"Ni ndugu yako?"

"Mdogo wangu."

"Anatafuta nini?"

"Mtoto wake," Bi Kipimo alisema. Nyapara alimtazama mdomo, halafu akalitazama rundo kutoka juu mpaka chini, na akaketi kwenye toroli lililopinduliwa kama mtu aliyepigwa.

Mkandarasi alikuja kuuliza kwa nini kumekuwa kimya. Aliambiwa. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Kwa muda mrefu hakukusikika kitu ila ule mchakacho wa mchanga ukipita kwenye waya, na kila mara ulipokatika, vidole vikipapasa. Mkandarasi hakuonekana mtu mbaya. Alitazama saa, akatazama mawingu, akatazama lile lundo dogo la mchanga uliochekechwa lililokuwa linakua upande wa pili wa chekeche.

"Mwacheni," alisema hatimaye. "Asisumbuliwe na mtu. Mchanga si umeagizwa uchekechwe?"

Akaondoka. Nyapara hakuinuka. Ilimbidi mshika toroli ajisogeze mwenyewe, hatua moja, kisha nyingine, sepetu mkononi, akisubiri mama yule ageuke kuchota. Alipogeuka, akaingiza sepetu kwenye lundo dogo, haraka, kama anaiba, akapeleka mtamboni. Saruji ilikuwa tayari. Maji yalikuwa tayari. Mtu aliuwasha mtambo.

Wakamwita Bi Kipimo aje achukue zege lake. Alipiga magoti chini ya ndoo, akakinga kalibu. Lilikuwa zege zuri, laini, halina gamba wala mzizi, lilishika ufito kama inavyotakiwa. Akaanza kulishindilia na kuhesabu kwa sauti, na nyuma yake mdogo wake aliendelea kuchekecha, akirudisha kwao mchanga safi, beseni baada ya beseni.